Anajibana siku nne, kisha anajificha nyuma ya mlango

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Naishi Nkuhungu, Dodoma, nyumba ya kupanga. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka sita. Alipokuwa na mitatu na nusu tuliambiwa hospitali kwamba ana usonji. Hajielezi kwa maneno, ila anakariri matangazo ya redio na televisheni neno kwa neno. Shida yangu ni choo. Mkojo unamtoka popote alipo, wala haonekani kujua. Haja kubwa anaibana siku tatu hadi nne. Ikimzidi anaingia nyuma ya mlango wa chumba, anasimama kwa ncha za vidole, anarudia "piga simu sasa hivi, piga simu sasa hivi", kisha anamalizia kwenye nepi. Nisipomvalisha nepi analia mpaka nimvalishe. Katikati ya siku hizo nguo zake zinakuwa na madoa ya majimaji yenye harufu kali. Nilidhani anaharisha, nikampa dawa ya kufunga tumbo kutoka duka la dawa.

Choo chetu kiko nje, cha sinki la kuchuchumaa, tunatumia familia tatu. Mlango wake ni wa bati. Nikimpeleka anang'ang'ania nguzo na kuziba masikio. Kila baada ya nusu saa namuuliza, "Unataka chooni?" naye ananijibu vilevile, "Unataka chooni?" halafu dakika mbili baadaye amejikojolea. Anakula wali mweupe, chipsi na maziwa, basi. Mama mkwe anasema nimemdekeza, fimbo mbili tatu zitamaliza kazi. Januari anaanza shule ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, na nimeambiwa awe ameacha nepi. Nimebakiwa na miezi minne. Nianzie wapi?

Mama wa Nkuhungu

JIBU

Njema, mama. Anzia tumboni, choo kitafuata.

Mambo uliyoyaeleza, yaani siku nne bila haja kubwa, ncha za vidole na madoa ya majimaji katikati, yanaelekea sana kwenye choo kigumu kilichojaa kwenye utumbo mpana. Yale majimaji huenda si kuharisha hata kidogo. Ni kinyesi laini cha juu kinachopenya pembeni ya donge gumu na kuvuja bila mtoto kuhisi. Dawa ya kufunga tumbo inazidi kuziba, kwa hiyo iache leo. Na kusimama kwa ncha za vidole, ambako wengi hukuona kama kusukuma, mara nyingi ni kubana: mtoto anakaza matako kwa sababu mara iliyopita iliuma. Akibana, kinyesi kinazidi kukauka na kuwa kikubwa, safari inayofuata inauma zaidi, naye anabana zaidi. Utumbo uliotanuka hivyo hupoteza hisia ya kujaa, na donge hukandamiza kibofu. Ndiyo maana watoto wengi wa aina hii hujikojolea pia, na mkojo hutulia wenyewe kwa sehemu kubwa tumbo likishafunguka. Ukianza mafunzo ya choo kabla ya hapo, unamfundisha kukaa mahali panapomuumiza.

Mpeleke kliniki ya watoto, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, ukiwa na maelezo yaliyoandikwa: anapata choo kila baada ya siku ngapi, kikoje (vidonge kama vya mbuzi, mche mnene wenye nyufa, au uji), madoa yanatokea mara ngapi, na ile dawa uliyompa. Omba apimwe mkojo na minyoo kwa safari hiyohiyo, maana maambukizi ya njia ya mkojo na muwasho wa minyoo huvuruga kazi yote hii. Dawa inayoandikwa mara nyingi kwa watoto ni laktulosi, ya maji, ambayo huvuta maji kuingia kwenye kinyesi kikalainika. Kipimo ni cha daktari, usinunue kwa kukisia. Wazazi wengi huharibu hapa: choo kikilainika wiki ya kwanza wanaacha dawa, wiki ya tatu wako palepale. Utumbo uliotanuka huchukua miezi kurudi, kwa hiyo dawa hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya kliniki hata kama mtoto anaonekana amepona. Nyumbani usimwingize kitu chochote njia ya haja kubwa, kipande cha sabuni kikiwamo.

Chakula kinasaidia ila peke yake hakitaondoa donge lililokwishakaa. Maziwa yasizidi kama nusu lita kwa siku. Yakizidi yanamshibisha na kumkosesha chakula kingine. Maji ndiyo muhimu zaidi kwa hewa kavu ya Dodoma: vikombe sita vya mililita 200, vigawanywe kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na viongezwe siku za joto kali. Usimnyime maji ili asijikojolee. Mkojo mzito unawasha kibofu, na kinyesi kinakuwa jiwe. Kuhusu kula vitu vyeupe tu, usimlazimishe ugali wa mtama kesho asubuhi. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha unga wa uwele kwenye uji mweupe kama anaukubali, ukae nacho wiki, ndipo uongeze cha pili. Kipande cha papai kiwekwe kwenye sahani ya pembeni bila neno lolote. Kukizoea kwa macho na pua ni hatua tayari.

Wakati dawa inafanya kazi, usimfundishe chochote bado. Andika. Kwa siku tano, kila baada ya nusu saa angalia nepi na uweke alama kwenye karatasi: kavu, mkojo, kinyesi, na muda aliokula na kunywa. Nepi za kisasa hunyonya mpaka usijue kitu, basi weka kipande cha kitambaa cha pamba ndani yake ili ukiguse. Ukikuta anakaa mkavu saa moja na nusu, halafu analowa, umepata ratiba yako: atapelekwa dakika kumi kabla ya muda huo. Ukikuta hakuna hata saa moja kavu hata baada ya tumbo kulainika, mwambie daktari. Ile nusu saa kwa nusu saa unayoifuata sasa imebuniwa na saa ya ukutani. Inamchosha mtoto, na mara nyingi kibofu chake hakina kitu.

Sasa kiti. Jaribu kulisikiliza lile choo la nje kwa masikio yake. Mlango wa bati, upepo wa Dodoma wa mchana, bati linapiga fremu bila taarifa. Ndani kuna giza, harufu, nzi, sakafu yenye maji ya mtu mwingine, na tundu ambalo haoni mwisho wake. Watoto wengi wenye usonji hupokea sauti na harufu kwa nguvu kuliko sisi. Sisi tungeacha choo hicho kwa muda na kumpa chake chumbani au kwenye korido.

Poti za watoto wadogo ni ndogo kwa mtoto wa miaka sita. Chukua kipimo cha mguu wake kutoka nyuma ya goti hadi unyayo, toa sentimita mbili, huo ndio urefu wa kiti. Fundi seremala atakutengenezea kwa mbao, au ukate tundu kwenye kiti kifupi cha plastiki cha watoto. Tundu lisizidi sentimita 16 kwa upana na 20 kwa urefu; likiwa kubwa mtoto anahisi anadumbukia na atajikaza. Mbao zipigwe msasa na rangi ya mafuta ili zioshwe. Chini weka ndoo fupi au beseni lenye maji kidogo, kinyesi kisigande. Nyayo zote mbili zikae sakafuni na magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Miguu ikining'inia misuli ya kusukumia haipati mahali pa kuegemea. Sakafu ya simenti ina ubaridi, hasa Juni na Julai, basi weka kipande cha zulia au mkeka chini ya nyayo.

Asianze kwa kuvua. Siku za mwanzo anakalia kiti akiwa amevaa, sekunde kumi, unahesabu kwa sauti hadi kumi na unamwambia "basi", anainuka. Akikubali bila kulia, ongeza hadi dakika moja, kisha tatu. Mwisho wa yote ni dakika tano; zaidi ya hapo ni kifungo. Muda mzuri kabisa ni dakika 15 hadi 30 baada ya chakula, hasa cha asubuhi, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana huamka na kusukuma. Akiwa amekaa mpe kitu cha kupuliza: povu la sabuni kwa mrija, au puto. Anayepuliza hawezi kuendelea kukaza matako kwa nguvu ileile, na tumbo linasukuma lenyewe. Wavulana pia waanze kwa kukaa kwa haja zote mbili. Kusimama kutakuja akishapata choo vizuri.

Nepi usiikate ghafla kwa haja kubwa. Kwake nepi ndiyo choo, na ukimnyang'anya atabana siku sita badala ya nne. Mbebe kwa hatua. Kwanza aendelee kutumia nepi, ila si nyuma ya mlango: kiti kisogezwe karibu na pale pake, ajisaidie akiwa amesimama kando yake. Kisha aketi kitini akiwa na nepi. Kisha, kabla ya kumvalisha, pasua nepi katikati kwa mkasi kama sentimita tano, ili kitu kianguke ndoani huku yeye akihisi amevaa. Kila akizoea panua tundu, mpaka kinabaki kiuno cha nepi tu, nacho siku moja kinaachwa. Songa mbele akishafanya hatua moja mara tatu mfululizo kwa utulivu. Akigoma rudi hatua moja nyuma siku hiyohiyo, bila hotuba. Mchana, kwa mkojo, mvalishe chupi ya kawaida na kaptula ya mpira kiunoni. Zipu na vifungo subiri mwakani.

Kitu kikidondoka ndoani, zawadi itoke ndani ya sekunde chache, na iwe kitu asichokipata kwa njia nyingine yoyote. Dakika tano baadaye haelewi tena inahusu nini. Kidogo sana kinatosha: kipande cha biskuti, dakika moja ya tangazo analolipenda kwenye simu, au zabibu moja, na zabibu hiyo ipasuliwe kwa urefu isije ikamkaba kooni. Akijikojolea, mpeleke kwenye kiti, mbadilishie hapohapo akiwa amesimama, sema "mkojo, chooni", basi. Sauti ikipanda, hata ya hasira, kuna watoto wanaoipenda na kuirudia kesho ili waisikie tena.

Tumefika mahali ambapo barua yako ilitushtua, kwa wema. Unasema hajielezi. Mwanao anasema "piga simu sasa hivi" kila mara haja kubwa inapomjia, na anakwenda mahali palepale. Watoto wengi wenye usonji hubeba sentensi nzima waliyoisikia siku fulani na kuifanya jina la hali fulani. Inawezekana kabisa hiyo ndiyo namna yake ya kusema tumbo limejaa. Thibitisha kwenye karatasi yako: andika kila anaposema sentensi hiyo na kilichofuata ndani ya dakika kumi. Ikilingana mara nyingi, usiikataze. Ukiisikia mjibu papo hapo, "Nataka chooni", na mwende kwenye kiti. Umeshamjibu kwa lugha yake na umempa ya kwetu juu yake. Tatizo la sentensi ile ni kwamba mwalimu wa Januari hataielewa, ndiyo maana tunampa kitu kingine ambacho hata mpita njia ataelewa.

Kwanza acha kuuliza. "Unataka chooni?" kwake ni sauti inayotangulia safari ya chooni, na ameirudisha kama alivyoipokea. Huenda hata jibu lake lilikuwa ndiyo. Mtoto anayekariri humrudishia mama maneno yaleyale ya mama bila kuyageuza, hivyo sema maneno kama yangetoka kinywani mwake: "Nataka chooni", "Nataka maji", "Inauma". Kisha kubalianeni nyumba nzima neno moja. Wewe ukisema chooni, bibi akasema susu, dada wa kazi akasema toileti, mtoto ana lugha tatu za kitu kimoja.

Kisha mpe kitu cha mkononi. Kama bado hatambui picha, tumia kopo. Kopo la kujitawadhia, la rangi moja isiyobadilika, lisitumike kwa kazi nyingine, likae mahali anapofikia. Kila safari ya chooni ianze kwa yeye kulishika. Baada ya wiki kadhaa wengine hulichukua wenyewe na kukuletea, na hapo ameshasema. Kama anatambua picha, piga picha ya kiti chake hichohicho, na si mchoro wa choo cheupe cha kwenye mtandao ambacho hajawahi kukikalia. Chapisha kwenye steshenari kwa sentimita 7 kwa 7, iwekewe lamineshini, na tengeneza nakala nne: moja ukutani usawa wa macho yake karibu na kiti, moja kwenye kamba kiunoni, moja kwa bibi, moja ya shule. Mojawapo itatafunwa.

Kumfundisha kutoa kadi kunahitaji watu wawili. Njia hii ya kubadilishana picha ilianzishwa mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, na Andy Bondy na Lori Frost, na siri yake iko kwenye kunyamaza. Wewe unakaa mbele umefungua kiganja, kimya. Msaidizi, dada yake mkubwa au shangazi, yuko nyuma ya mtoto. Mtoto anaponyoosha mkono kwenye kitu anachokitaka, msaidizi anauongoza mkono huo uokote kadi na kuiweka kiganjani mwako. Hapo ndipo unasema jina la kitu na kumpa, sekunde ileile. Usiseme "leta kadi". Ukisema, atajifunza kusubiri maneno yako, na mtoto anayesubiri kuambiwa hawezi kuomba choo ukiwa jikoni. Msaidizi naye apunguze msaada kidogo kidogo: kwanza anashika mkono mzima, baadaye kiwiko, baadaye anagusa bega, mwisho anasubiri sekunde tano bila kugusa.

Ila usianze na kadi ya choo. Anaogopa choo, kadi ambayo kila akiitoa inampeleka anapopaogopa ataitupa chini ya kitanda, na utafikiri kadi hazimfai. Anza na chipsi. Akishajua kwamba kipande hiki cha karatasi kinaleta chipsi, na kingine kinaleta simu, ndipo ingiza ya choo, wakati huo kiti kikiwa hakimtishi tena. Katika kipindi chote hicho kadi ya choo iwe inashikwa tu kila mnapokwenda, kama tiketi.

Kadi ya choo ikianza kutumika, iheshimu kila mara, hata kama mmetoka kitini dakika tano zilizopita, hata kama una uhakika anacheza. Akigundua kwamba inamtoa kwenye kazi asiyoipenda na kuitumia kila dakika, mpeleke, akae dakika moja, mrudi kwenye kazi ileile. Itapungua. Ukiikataa hata mara tatu, itakufa.

Na kadi ambayo watu wengi huisahau ni ya "basi". Mtoto ambaye hana namna ya kusema sitaki, imetosha, atasema kwa kung'ang'ania nguzo. Weka kadi ya "basi" kando ya kiti. Ukishahesabu hadi kumi, msaidizi anaongoza mkono wake aitoe, anainuka. Akiitoa mapema, hesabu hadi tatu kisha mwachie. Watoto wengi hukaa muda mrefu zaidi wakishajua mlango wa kutokea upo. Baadaye ongeza ya "inauma": picha ya mwili wake mwenyewe, mbele na nyuma, uguse naye mahali. Mfundishe siku amekwaruzwa goti, maumivu yanayoonekana, usingoje tumbo limshike usiku wa manane.

Bibi yake usimpinge mbele ya mtoto. Hoja yake ni ya zamani, hata wataalamu waliwahi kuwa nayo: njia ya haraka iliyochapishwa Marekani mwaka 1971 na Nathan Azrin na Richard Foxx ilikuwa na sehemu ya adhabu, na wanaoitumia leo wengi wameiondoa. Mtandaoni utaikuta kwa jina la kuacha nepi kwa siku moja au siku tatu. Kwa mtoto mwenye choo kigumu na hofu, tunaipinga. Hofu hukaza misuli ileile unayotaka ilegee. Mtoto aliyechapwa kwa kujisaidia hajifunzi kwenda chooni, anajifunza kujisaidia mafichoni, na pengine nyuma ya mlango alikwishafika kwa njia hiyo. Mweleze mama mkwe habari ya donge na umpe kazi yenye heshima: yeye ndiye wa uji wa asubuhi na wa kukaa naye kitini baada ya uji. Bibi akiona kinyesi cha kwanza kikianguka ndoani yeye akiwa ndiye msimamizi, fimbo hutaisikia tena.

Jambo jingine, la usalama. Mtoto asiyeweza kusimulia yaliyompata asipelekwe chooni na kila mtu, hasa mnapochangia choo familia tatu. Chagua watu wawili au watatu, mtoto awajue, shule nayo iseme ni nani huko kwao. Kuvua na kuvaa kufanyike ndani, mlango umefungwa, hata kama ana miaka sita tu. Ukubwani ataendelea na alichozoea.

Kuhusu kupaka kinyesi ukutani, hukukitaja, ila wasomaji wengine watakutana nacho. Chanzo huwa ni mkono kuchokonoa kilichokwama, muwasho wa minyoo, au raha ya kitu chenye ulaini na harufu. Tibu viwili vya kwanza hospitali. Kwa cha tatu mpe udongo wa kufinyanga au unga wa ngano uliokandwa, mara mbili kwa siku, na mvalishe kaptula yenye kubana kiunoni.

Miezi miwili kabla ya Januari hamishia kiti chake choo cha nje. Kwanza mlangoni, kisha ndani, kisha juu ya sinki bila ndoo. Mwombe fundi apigilie vipande vya mpira wa tairi kwenye fremu, bati lisigonge. Chagua saa ambazo majirani hawako. Kisha fundisha kuchuchumaa, kwa sababu shule nyingi za Dodoma vyoo vyake ni hivyo: chora nyayo mbili kwa rangi ya mafuta pande zote za sinki, na pigilia upau ukutani usawa wa kifua chake akiwa amechuchumaa, maana mizani ya miili ya watoto wengi wenye usonji si imara. Mkao wenyewe ni mzuri kwa haja kubwa kuliko kiti. Kunawa mikono kuwe hatua ya mwisho isiyorukwa. Kibuyu chirizi kinafaa kwa mji ambao maji ya bomba hukatika, na mtoto hukanyaga kijiti bila kugusa koki. Kujitawadha mfundishe kuanzia mwishoni: wewe unafanya yote isipokuwa kumwagia maji ya mwisho, hilo ni lake, akiliweza, mwachie na la kabla yake. Asubuhi za baridi maji yawe vuguvugu.

Nenda shuleni Novemba kabla hawajafunga, wanafunzi wakiwa madarasani, akione choo kitupu mara mbili tatu bila kuombwa kitu. Mwalimu mpe nusu ukurasa: neno mnalotumia, kadi na kopo vinavyofanana, saa zake za choo, sentensi ya "piga simu sasa hivi" na maana yake, jinsi ya kumbadilishia bila kelele, na majina ya watu wanaoruhusiwa kumpeleka. Mfukoni aende na kaptula mbili na mfuko wa plastiki mzito. Kama Januari itafika bado haja kubwa anaimalizia nyumbani kwenye nepi iliyopasuliwa, huku mchana mkojo ameumudu, huyo yuko njiani. Kaa na mwalimu mkuu na mwalimu wa kitengo mwaeleze hivyo. Wakikataa kumpokea kwa sababu hiyo peke yake, mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri na afisa ustawi wa jamii.

Rudi hospitali mapema, usingoje tarehe, ukiona damu kwenye kinyesi au mkojo, homa na kulia akikojoa, tumbo lililovimba pamoja na kutapika, kunywa maji kupita kiasi huku akikojoa mno na kupungua mwili, miguu kulegea, au akipoteza ujuzi wa choo alioupata. Na kama anajikojolea huku ametazama mahali pamoja, haitiki kwa sekunde kadhaa, mpige video kwa simu umwonyeshe daktari. Kifafa huambatana na usonji kwa baadhi ya watoto.

Usiku mwachie nepi. Kukauka usiku hakufundishwi kwa kadi wala kiti, kunategemea ukomavu wa mwili, na watoto wengi wasio na usonji wa umri wake bado hulowanisha kitanda. Subiri nepi ya asubuhi iwe kavu wiki mbili mfululizo ndipo uiondoe.